CHUO KINATAZAMA WAPI?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yakisha kutangazwa, barazani petu hapa Kilwa Kivinje hapazungumzwi samaki wala upepo, huzungumzwa vyuo. Safari hii mpwa wangu, binti aliyefaulu vizuri, alikuja na simu mkononi, akawaamkia wazee, kisha akatuonyesha picha tatu: jumba la Nkrumah pale Mlimani, Dar es Salaam, vilima vya Dodoma vilivyotapakaa majengo, na upande wa ziwa huko Malimbe, Mwanza. Akauliza, "Mjomba, kipi kizuri?" Mzee mmoja akamcheka: "Chuo si mchumba, mwanangu, hata utazame sura."

Mimi sikucheka. Mtu atakayekaa mahali miaka mitatu, mbali na mama yake, ana haki ya kuuliza mahali hapo pakoje. Kosa ni kudhani kwamba uzuri wote u katika majengo. Ningependa kila kijana aongeze swali moja: nikifungua dirisha la bweni asubuhi, nitaona kazi ya nani?

Swali hili si geni katika nchi yetu. Kabla ya mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922 juu ya kilima cha Kampala, naye alikaa huko tangu mwaka 1943 hadi 1945. Mahali pazuri, hapana ubishi. Lakini palikuwa mbali sana na mkulima wa Kilwa.

Chuo chetu cha kwanza hakikuzaliwa kilimani. Kilifunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na kitivo cha sheria tu na wanafunzi wasiozidi kumi na watano, ndani ya nyumba ya TANU katika mtaa ambao leo ni wa Lumumba. Chama kilijijengea nyumba, kisha kikakipa chuo. Mandhari yake? Hapakuwa na bustani wala upepo wa mlimani. Palikuwa na viwanja vya Mnazi Mmoja, na nyuma yake Kariakoo na makelele yake yote: wachukuzi, mama wa vitumbua, baiskeli, mkokoteni uliokwama njiani. Mwanasheria wa kesho alipotoka darasani alikutana ana kwa ana na mtu atakayemtetea.

Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani. Sitaki kupadharau mahali pale, maana ni pazuri kweli kweli. Jumba la Nkrumah lilichapwa hata katika noti ya Sh. 500. Miti imekua, kuna nafasi, mtu anaweza kusoma kitabu asisukumwe. Lakini miaka miwili tu baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana kuupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya mia tatu wakarudishwa makwao. Ndipo Mwalimu alipopunguza mishahara ya wakubwa, akianza na wake mwenyewe. Sisemi kilima ndicho kilichowapoteza vijana wale. Kilima hakina ulimi. Nasema tu kwamba kutoka juu mtu huona mapaa ya nyumba, asione waliomo ndani.

Tazama sasa ng'ambo ya bandari. Mwaka huohuo wa 1961 kilianzishwa Chuo cha Kivukoni, upande wa Kigamboni, kikafundisha wafanyakazi, wakulima na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Hakikuwa na fahari. Mwanafunzi alivuka kwa pantoni pamoja na wauza samaki, na mbele yake ilikuwa bandari, yaani makuli, vyombo na mizigo. Mambo ya uchumi yaliyofundishwa darasani yalikuwa yakipakuliwa mbele ya macho yake. Chuo kile kipo hata leo, na tangu mwaka 2005 kinaitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Ningeulizwa mimi, kwa mandhari hiki ndicho ningekipa nafasi ya kwanza, hata kama picha yake haipendezi katika simu.

Dodoma nitapita upesi. Chuo kikuu chake kilianza mwaka 2007, na jumba la mikutano la Chimwaga ni sehemu ya historia yake. Ni kipana mno. Kutoka jengo hadi jengo mtu apande basi, na vumbi la kiangazi halina huruma. Morogoro ni habari nyingine: Chuo Kikuu cha Sokoine kiko chini ya milima ya Uluguru, na shamba lenyewe ni darasa. Huko mwanafunzi wa kilimo haambiwi habari za mvua, humnyeshea.

Lakini mfano unaotuhusu sisi watu wa Kivinje ni Bagamoyo. Miji hii miwili ni ndugu. Yote miwili ilikuwa mwisho wa njia za misafara katika karne ya 19, wao wakipokea ya magharibi, sisi tukipokea ya Ziwa Nyasa. Yote miwili ilionja biashara ya pembe na ya binadamu. Yote miwili ilitawaliwa na Wajerumani kutoka katika boma. Wao wana magofu, sisi tuna magofu. Wao wana milango ya nakshi, na sisi tunayo iliyosalia. Hapa petu pana mahali pa Mwembe Kinyonga, aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Kwa historia hatuna deni kwa mtu.

Tofauti ni hii. Mwaka 1981 Bagamoyo ilipata Chuo cha Sanaa, palepale ufukoni, na vijana wa ngoma na maigizo wamekuwa wakitoka kila pembe ya nchi kwenda kukaa katika mji uliosemwa kuwa umekufa. Karibu yake, Mbegani, kiko chuo cha uvuvi. Mji mkongwe ukapata wapangaji, mama lishe akapata wateja, na mtoto wa mvuvi akaona kwa macho yake kwamba kazi ya baba yake hufundishwa darasani na kutolewa cheti. Sisi bado tuna boma lililoelekea baharini, kuta zikimomonyoka kila masika.

Wako watakaosema kwamba kijana wa kisasa hawezi kuja Kivinje. Kuna mbu, kuna matope, maji yakitoka vyombo hulala ubavu mpaka yajae tena. Ni kweli. Lakini matope hayohayo na mikoko yake ndiyo malezi ya kamba na samaki, na hakuna kioo cha maabara kinachoweza kuyaonyesha vizuri kuliko mguu uliozama ndani yake. Wengine husema kijana wetu lazima atoke, akachanganyike na wenzake wa Bukoba na Mbulu. Hao nakubaliana nao kabisa. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Rufiji si kizuizi tena, na atakaye kwenda aende. Nauliza tu kwa nini njia iwe ya kwenda peke yake, asiwepo wa Bukoba na Mbulu anayekuja huku.

Jambo hili lina haraka. Septemba 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, mwendo mfupi kutoka hapa. Bandari ya namna hiyo hutaka mafundi wa mitambo ya baridi, wapimaji wa ubora wa samaki, mafundi wa injini, manahodha wenye vyeti, makarani wa mizani. Watatoka wapi? Chuo cha uvuvi cha jirani kiko Mikindani, kilometa zaidi ya 200 kusini. Masoko penyewe kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, chenye ardhi yake na walimu wake. Hatuhitaji kusubiri chuo kikuu chenye minara. Madarasa mawili ya uvuvi katika chuo hicho, karakana ya injini na chumba cha barafu vyatosha kuanzia. Halmashauri na wakuu wa uvuvi wakae meza moja kabla bandari haijajaza nafasi zake, maana ikisha kujaza, wana wa Kilwa watabaki kuwa wabeba matenga.

Mpwa wangu alikwisha kujaza fomu yake. Ameandika Mlimani kwanza, kwa sababu sayansi ya bahari na uvuvi hufundishwa huko. Jumba la Nkrumah, alisema, atalitazama Jumapili. Alipoondoka, yule mzee aliyemcheka alinivuta kando. Anaye mjukuu aliyeishia kidato cha nne, sasa anavua na mashua ya watu. Alitaka nimtajie tena jina la kile chuo cha karibu na Bagamoyo, na kwamba nauli kutoka Nangurukuru hadi huko ni kiasi gani.