Dunvegan: Husuni Iliyoelekea Bahari

Mgeni aendaye leo kuizuru husuni ya Dunvegan, katika kisiwa cha Skye kilicho magharibi ya Uskoti, huifikia kwa barabara njema, akapita katika bustani, kisha akavuka daraja na kuingia kwa mlango mkuu, asijue kwamba anaingia kwa upande uliokuwa nyuma ya nyumba. Husuni hii, ambayo ukoo wa MacLeod umeishika kwa muda wa karne nane hivi, imejengwa juu ya jabali ukingoni mwa ghuba ya Loch Dunvegan, na kwa dahari nyingi haikuwa na njia ya kuingilia ila lango dogo lililoelekea majini. Ndani ya lango hilo mna ujia mwembamba wa kupanda, na humo mna kisima cha maji matamu, ili waliozingirwa na adui wasihiliki kwa kiu. Mlango wa upande wa bara haukufunguliwa mpaka mwaka 1748.

Sababu ya jambo hilo ni kwamba katika visiwa hivi bahari ndiyo iliyokuwa njia kuu, na milima na mabwawa ya tope ndiyo yaliyokuwa kizuizi. Leod, jadi wa ukoo huu, aliishi katika karne ya 13, na kwa mapokeo ya jamaa zake nasaba yake ni ya wafalme wa kisiwa cha Man waliotokana na Wanorwe. Skye yenyewe ilikuwa chini ya Norwe mpaka mwaka 1266. Basi namsihi mgeni asiridhike na vyumba tu, bali ateremke gatini apande mashua zinazokwenda kuwatazama sili waliolala juu ya miamba, kwani ni kutoka majini tu ndipo atakapouona uso wa kweli wa husuni hii.

Katika hazina zilizomo, hakuna ishindayo kwa sifa Bendera ya Majini, yaani ya pepo, kitambaa cha hariri kilichofifia na kuchakaa, chenye viraka vilivyotiwa kwa mkono wa uangalifu mno. Wenyeji husimulia kwamba mkuu mmoja wa kale alioa binti wa majini, na siku ya kuachana mke alimpa bendera hiyo, akamwambia kwamba ikikunjuliwa wakati wa dhiki itauokoa ukoo, lakini si zaidi ya mara tatu. Na mbili, wasema, zimekwisha. Mtaalamu aliyeichunguza katika karne ya 20 alitoa rai kwamba hariri yake ilifumwa Sham au Rhodes. Kwangu mimi kauli hiyo haiipunguzii heshima hata chembe: kwamba kitambaa laini kama hicho kilivuka bahari kikafika katika jabali hili la mvua na baridi, na watu wakakitunza vizazi kwa vizazi, ni ajabu iliyo sawa na ile ya majini.

Ipo pia pembe ya Rory Mor, mkuu mmoja wa zamani wa ukoo, ambayo kwa ada mrithi wa ukuu huijaza mvinyo mwekundu akainywa yote pasipo kupumzika. Mwandishi Mwingereza Samuel Johnson alikaribishwa humu mwaka 1773, akafurahishwa na ukarimu alioukuta.

Kaskazini ya husuni, mwendo wa miguu kupita kitongoji cha Claigan, kuna fukwe nyeupe ziitwazo za matumbawe, ingawa mchanga wake hasa ni vipande vya mwani mwekundu wenye chokaa, uliokauka na kupaushwa na jua.

Lakini mimi huikumbuka zaidi ya hayo yote habari ya Norman, mkuu wa 25 wa ukoo. Katika mwaka 1847 na miaka iliyofuata, ugonjwa ulipoharibu viazi ulaya, vilivyokuwa chakula cha maskini katika visiwa vyote, na mabwana wengi wa nchi hiyo walikuwa wakiwaondosha watu wao katika ardhi ili waweke kondoo, yeye alinunua nafaka akawalisha watu wake mpaka akafilisika, hata ikambidi kuihama nyumba ya baba zake na kwenda London kufanya kazi ya ukarani. Husuni ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1933, na mgeni atakayetembea katika vyumba vyake na aitafute sura ya mtu huyo kabla hajaiulizia pembe.