Je, Wajua? Basi la Bukoba Huipita Intaneti kwa Kubeba Data

Tuseme kituo cha afya huko Kanazi, Bukoba Vijijini, kina seva yenye terabaiti 4 za data: taarifa za wagonjwa, picha za eksirei, risiti za miaka yote. Data hiyo inatakiwa ihamie kwenye seva mpya Dar es Salaam. Laini ya intaneti inapandisha megabiti 20 kwa sekunde, na hapo imeamka vizuri. Itachukua siku 18 na nusu, usiku na mchana, umeme usikatike hata dakika moja.

Sasa nakili data hiyo kwenye diski, ifungie begini, upande nayo basi pale Bukoba. Mbele yako kuna takribani kilomita 1,400. Hata basi likitumia saa 30, limebeba data kwa kasi ya karibu megabiti 300 kwa sekunde, mara 15 ya ile laini. Wengi hujikwaa kwenye hesabu hii kwa sababu kasi ya intaneti huuzwa kwa biti na diski huuzwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Asiyekumbuka hiyo nane humwahidi bosi wake siku mbili badala ya kumi na nane.

Begi halidharauliwi hata na wakubwa. Wanasayansi waliopiga picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotolewa Aprili 2019, hawakutuma data yao kwa intaneti. Ilikuwa nyingi mno, wakaisafirisha diski kwa diski kwa ndege. Diski za darubini ya Ncha ya Kusini, zilizojazwa Aprili 2017, zilisubiri majira ya baridi yapite kwanza, ndipo zikafika Marekani Desemba.

Huku kwetu uhamaji wa data umeshagusa hata zahanati. GoTHOMIS, mfumo wa kuendeshea vituo vya afya vya umma ulio chini ya TAMISEMI, awali ulifungwa kwenye seva iliyokaa ndani ya kituo chenyewe. Baadaye likaja toleo linalokaa sehemu moja na kufikiwa kwa mtandao. Mgonjwa dirishani haoni tofauti. Anayekosa usingizi ni ofisa TEHAMA.

Hofu yake ya kwanza ni diski kuukuu. Ndani yake kuna visahani vinavyozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinaelea kwa umbali wa nanomita chache tu; unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Diski iliyozunguka miaka mitano bila kupumzika huweza kugoma siku ikizimwa, na kuisoma yote kwa mkupuo ndiyo kazi nzito kuliko zote ilizowahi kupewa. Kwa hiyo mjuzi hunakili kwanza seva ikiwa bado imewaka, ndipo afikirie kuchomoa waya. Mkoa wa Kagera, iliko Bukoba, una sababu zake za ziada za hofu: radi za ukanda wa ziwa, na lile tetemeko la 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lililobomoa majengo hadi shule za Ihungo na Nyakato. Nakala ya pili iliyowekwa chumba kimoja na seva huangukiwa na ukuta uleule.

Kituo hakiwezi kufungwa siku tatu kwa sababu ya kunakili, kwa hiyo kazi hufanywa kwa awamu. Awamu ya kwanza huchukua kila kitu huku watu wakiendelea kuandikishwa. Zinazofuata huchukua kilichobadilika tu, na mara nyingi hufanywa na rsync, programu iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia. Kila awamu ni fupi kuliko iliyotangulia, mpaka inabaki ya dakika chache. Hapo ndipo mfumo unasimamishwa, kwa kawaida usiku, mabaki yananakiliwa na watumiaji wanaelekezwa kwenye seva mpya. Hifadhidata ina utaratibu wake: ukiyanakili mafaili yake ikiwa inaandikwa, utapata nusu ya jana na nusu ya leo.

Kwangu mimi, yote hayo ni ubebaji tu. Kazi yenyewe ni kuthibitisha kwamba kilichofika ndicho kilichotoka, na ndiyo inayorukwa ikifika saa tisa usiku. Idadi ya mafaili haitoshi, ukubwa wake hautoshi. Kinachotumika ni SHA-256, hesabu inayolisoma faili zima na kutoa alama 64 za herufi na tarakimu. Badilisha miligramu 50 ziwe 500 kwenye cheti kimoja, alama zote zinavurugika. Faili tupu nalo lina jibu lake, lilelile kompyuta yoyote duniani, linaloanza na e3b0c442. Ofisa akiiona e3b0c442 inajirudia kwenye orodha ya picha za eksirei, ajue majina yamefika lakini picha zimebaki njiani.

Mwaka 2019 mtandao wa MySpace ulikiri kwamba muziki wote uliowekwa humo tangu 2003 hadi 2015 huenda umepotea katika kuhamisha seva. Ulikadiriwa kuwa nyimbo zaidi ya milioni 50.

Seva ya zamani basi isifutwe asubuhi yake. Iache mwezi mmoja au miwili, imezimwa na kufungiwa kabatini, mpaka mwisho wa mwezi upite na ripoti zikubaliane. Baada ya hapo haipelekwi kwa fundi wala kuuzwa ilivyo, maana ukifuta faili unaliondoa kwenye orodha tu, maandishi yenyewe yanabaki, na taarifa za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Diski ya visahani huandikwa sifuri mwanzo hadi mwisho. Terabaiti 4 hutaka kama saa saba na nusu. Ya SSD, isiyo na visahani, huficha akiba ya nafasi isiyofikiwa kwa njia hiyo, hivyo hupewa amri yake maalumu ya kujifuta. Iliyokufa kiasi cha kutopokea amri yoyote hutobolewa kwa drili.