Sumaku kwa mama aliyejifungua: bili yake ni kiasi gani?

Mama anamzuia kila mtu kumgusa mtoto, anachemsha chupa zilezile mara kumi, na kichwani wazo halimtoki: nitamdhuru mwanangu. Wazo hilo linamtisha kwa sababu hataki kabisa litokee. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa ugonjwa huu wa fikra na matendo ya kujirudia huwapata asilimia 2.43 ya wanawake baada ya kujifungua, dhidi ya 1.08 kwa wanawake wengine. Marekani huzaliwa watoto wapatao milioni 3.6 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, akina mama kama 87,000.

Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliruhusu ugonjwa huu utibiwe kwa sumaku. Mgonjwa huvalishwa kofia yenye koili, bila upasuaji wala dawa ya usingizi. Kwa anayenyonyesha hilo ni jambo kubwa: hakuna dawa inayoingia kwenye maziwa.

Jaribio lililofungua njia lilikuwa na watu 99 ambao tiba za awali hazikuwatosha, si wazazi wapya, na vikao 29 kwa wiki sita. Waliopungukiwa na dalili kwa angalau asilimia 30 walikuwa 38 katika kila 100; kwa sumaku bandia, 11. Sumaku yenyewe basi iliongeza watu 27. Tuseme kozi moja ni dola 10,000. Kila mama wa ziada anayepata nafuu anagharimu takriban dola 37,000, na hiyo ndiyo bei ninayotaka hospitali ziitaje.

Mashine nayo ina kikomo. Ikihudumia watu 16 kwa siku na makundi manane kwa mwaka, itamaliza wagonjwa 128. Hao 87,000 wangehitaji mashine karibu 680. Na safari 29 zile, mtoto mchanga anaachiwa nani? Hilo halimo kwenye bili.

Kwa hiyo tiba ya mazungumzo ya kuikabili hofu hatua kwa hatua, na dawa kama sertraline ambayo hupita kidogo sana kwenye maziwa, zitangulie. Sumaku iwekwe kwa ajili ya wale ambao hizo zimeshindwa kuwasaidia, na bima igharamie pia nauli na mlezi wa mtoto.