Uso wa Mtoto Huumbika Mapema: Uliza Kabla ya Kununua Dawa

Uso wa mtoto huanza kuumbika yapata wiki ya 4 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo akina mama wengi hawajajitambua kuwa ni wajawazito. Vijinundu vitano huzunguka mahali patakapokuwa kinywa, hukua, kisha huungana. Mdomo wa juu huungana yapata wiki ya 7, na kaakaa kufikia wiki ya 12. Visipoungana, mtoto huzaliwa na mdomo wazi au kaakaa wazi. Meno ya utotoni huchipua ndani ya ufizi tangu wiki ya 6, na huanza kuwa magumu mwezi wa 4. Tangu hapo, tetrasaiklini anayomeza mama yaweza kuyatia madoa ya kudumu.

Kwa hiyo twamshauri kila mnunuzi aliye mjamzito, au anayetarajia kuwa, amweleze muuza dawa hali yake kabla ya kulipa. Aepuke tumbaku na pombe. Anayetumia dawa za kifafa asiziache ghafla, bali amwone daktari mapema, kwani baadhi yake huongeza hatari ya mdomo wazi.

Hata hivyo, mama asilaumiwe: mara nyingi chanzo hakijulikani, na upasuaji hurekebisha.