Maji Yakikausha, Shtuka Mura

Asubuhi ya Tarime mnaijua: ukungu umelalia migomba, baridi inatafuna masikio, na jamaa wa bodaboda wamejifunika makoti ya mtumba hadi puani utadhani wanaenda kupanda Kilimanjaro. Mugumu nako madereva wa kempu wameshaamka kitambo, maana mgeni wa Serengeti anataka kumuona simba kabla jua halijawa kali. Nyamongo mgodini kuna wana wanatoka shifti ya usiku, macho yamewaka. Ukiwauliza wote hao wanataka nini saa hiyo, jibu ni moja: kahawa ya moto, fasta, bila stori za kuwasha mkaa.

Hapo ndipo maikrowevu inapojizolea ujiko. Zamani ilikuwa kitu cha ushuani. Siku hizi msela wa chumba kimoja anayo, ya mtumba, imekaa meza moja na sabufa na pasi. Unaweka kikombe, unabonyeza, unarudi kwenye simu, ting! Mambo fiti. Hata LUKU hailii sana: kikombe kimoja kinakula kama sehemu 4 kati ya 100 za yuniti moja, yaani haifiki shilingi 20. Jiko la mkaa halikupi ofa hiyo.

Ila maze, kuna noma moja ambayo wasee wengi hawana rada nayo. Maji ya maikrowevu yanaweza kukurukia usoni yakiwa yametulia tuli, bila povu wala kelele. Na anayeyachokoza ni wewe mwenyewe, kwa kijiko chako cha kahawa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu

Tuanze na sufuria. Ukibandika maji, moto unapiga kitako. Kile kitako kina mikwaruzo na vishimo, na kila kishimo kimeficha kahewa kadogo. Hako kahewa ndiko mbegu ya povu: mvuke unajikusanya hapo, unavimba, unapanda, unasikia gulugulu. Maji ya sufuria hayana siri. Yakiwa tayari yanapiga kelele mpaka jirani anajua leo kuna chai.

Maikrowevu inacheza staili nyingine. Mawimbi yake yanayayumbisha maji yenyewe, mara bilioni 2.45 kwa sekunde, na kikombe kinakuja kupata moto baadaye kwa kupashwa na maji. Sasa kikombe kikiwa kipya, laini, kimesuguliwa kikang'aa, maji yanakosa pa kuanzishia povu. Joto linapanda, linafika kiwango cha kuchemka, linapita, na maji yamekausha tu kama hayahusiki. Unafungua mlango unayaona yametulia. Unajisemea, aah, hata moto hayajapata. Unaongeza dakika nyingine. Hapo umeshayatia kichaa.

Halafu unakuja na kahawa. Punje zake zimebeba hewa kila kona, na zinatua kwenye maji yaliyokuwa yanatafuta upenyo tangu muda. Piga hesabu na mimi: kikombe cha mililita 250 kikizidi kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 5 tu, joto hilo la ziada linatosha kugeuza gramu 2 na ushee za maji kuwa mvuke. Mvuke huo unataka nafasi ya zaidi ya lita 3. Kikombe chako ni robo lita. Unatoka kwa mpigo mmoja na unabeba maji yaliyobaki, unayaleta usoni kwako, mura, maana ulikuwa umeinama kuchungulia.

Hii siyo stori ya vijiweni. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imewaonya watu wake kuhusu jambo hili hili, baada ya wengine kuungua mikono na nyuso. Na mashine yenyewe ina historia ya kurusha vitu. Mwamba aliyeianzisha, Percy Spencer, Mmarekani ambaye hata shule hakumaliza, alikuwa anapiga mishe na mitambo ya rada kampuni ya Raytheon. Mwaka 1945 chokoleti ikamyeyukia mfukoni. Akajaribu bisi, zikaruka. Akaja na yai, likalipuka. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo kabisa onyo lilishatolewa.

Kwetu ishu ina pilipili zaidi

Kuna mambo mawili ya huku kwetu ambayo video za mtandaoni hazikwambii.

La kwanza ni maji tunayotumia. Mama yeyote wa Tarime au Serengeti atakuambia maji ya kisima yachemshwe ndipo yanywewe, na yuko sahihi kabisa. Tunayachemsha kwenye sufuria, yanapoa, yanakaa kwenye jagi. Lakini yalipochemka, hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake iliondoka. Maji ya namna hiyo yakiingia kwenye maikrowevu ndiyo mabingwa wa kukausha. Vivyo hivyo kikombe ulichopasha, ukasahau kwa sababu ya simu, kikapoa, ukakirudisha. Usiache kuchemsha, hapana. Maikrowevu inapasha juu zaidi ya chini, kwa hiyo usiitegemee iue vijidudu vya maji mabichi. Dawa ni nyepesi: kabla ya kupasha, mimina maji kutoka jagi hadi kikombe ukiwa umeinua jagi juu, yaanguke kwa vurugu, yachanganyike na hewa upya.

La pili, tuko juu kinoma. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na pale Musoma ufukweni maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Panda Tarime mjini au Mugumu, yanachemka kwenye 95 hivi. Zile 100 za kwenye kitabu cha sayansi ni za mwana wa Tanga na Dar. Wewe ukisema unasubiri yafike 100, unasubiri basi ambalo halipiti barabara hiyo, na dakika unazoongeza ndizo zinazoyavusha kiwango kimyakimya.

Uzuri ni kwamba kahawa haihitaji 100. Maji ya nyuzi 90 na ushee yanatoa ladha safi, na kahawa ya kuyeyuka inayeyuka hata kwenye 80. Kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya kulazimisha maji yafike mwisho. Ukiyatoa mapema hupotezi kitu, na noma yote tuliyoiongelea inakosa pa kuanzia.

Mchongo wenyewe

Tuseme ni saa kumi na moja alfajiri, geto la Mugumu, mdogo mtu amekuja kulala kwa kaka yake anayefanya mishe za kempu. Kaka anachukua kikombe cha kauri cha zamani, kina mikwaruzo ndani. Anamimina maji kutoka juu, theluthi mbili tu ya kikombe. Anatia kahawa ya kuyeyuka na sukari hapo hapo kwenye maji ya baridi, anakoroga. Kisha anatoa mti wa mshikaki, mpya, msafi, anausimamisha ndani, ncha imechungulia nje ya ukingo.

"Oya kaka, unachoma nyama au unapika kahawa?"

"Tulia dogo. Huu ndio unayafanya maji yaongee."

Ndiyo siri yote hiyo. Mbao ina vitundu vyenye hewa, kwa hiyo povu linapata pa kuanzia, linatoka kidogo kidogo badala ya kujilimbikiza. Kahawa na sukari vikitangulia vinafanya kazi hiyo hiyo. Ukitanguliza kahawa ya unga, ile ya kusaga, au maziwa, acha nafasi kubwa zaidi juu, maana vinapenda kufura na kumwagika.

Muda nao usiokote tu. Geuza maikrowevu, nyuma kuna kibandiko kinachotaja wati za kupikia. Yenye wati 700 inapandisha robo lita ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 80 na kitu kwa sekunde kama 100. Yenye wati nyingi zaidi inawahi, kwa hiyo punguza. Maji yakiwa robo lita weka sekunde 100, yakiwa machache punguza; zikiisha acha kikombe ndani nusu dakika bila kukigusa. Kisha fungua mlango ukiwa umesimama pembeni, uso mbali, nyoosha mkono, gonga ubavu wa kikombe kwa mti mwingine. Kikiwa shwari, koroga, onja. Bado vuguvugu? Ongeza sekunde 20, siyo dakika 2. Toa kwa kitambaa, maana mkono wa kikombe unaweza kuwa na moto kuliko unavyodhani.

Na kama umeshaharibu, umepasha maji matupu dakika 4 na yamekausha ndani ya glasi? Kausha na wewe. Zima, usifungue mlango, yaache yapoe dakika kadhaa, nenda kaoge urudi. Hayo maji hayana haraka kama yako.

Kipi kiingie, kipi kibaki nje

Kile kikombe cha bati chenye maua, urithi wa bibi, kiheshimu kwenye jiko la mkaa. Kwenye maikrowevu bati linarudisha mawimbi na linaweza kutoa cheche. Kikombe cha harusini chenye ukingo wa dhahabu nacho kimo kwenye orodha hiyo. Najua Tarime dhahabu ni dili, Nyamongo nzima inaishi kwa dhahabu, lakini huku ndani ni fataki tu.

Melamini, zile sahani na vikombe vigumu vinavyofanana na kauri, inapata moto yenyewe na inaweza kupasuka au kuachia kemikali kwenye kinywaji. Chupa ya maji ya plastiki inalegea. Chochote chenye kifuniko kilichokazwa ni bomu, hilo halina mjadala. Na usiiwashe ikiwa tupu, mawimbi yakikosa cha kupasha yanaihujumu mashine yenyewe.

Una wasiwasi na kikombe? Kiweke kitupu ndani, pembeni yake weka glasi ya maji baridi, washa dakika 1. Kikombe kikiwa cha moto na maji bado baridi, hicho hakifai. Kikombe kikiwa baridi na maji yamepata joto, freshi, twende kazi.

Upande wa stima, maikrowevu ya wati 700 za kupikia inavuta kama 1,200 ukutani. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukuta. Ekstensheni ya bei chee iliyobeba pasi, sabufa na chaja tano itayeyuka kabla maji hayajapata moto. Na ikizingua, peleka kwa fundi anayejua. Ndani kuna kapasita inayoweza kubaki na volti zaidi ya 2,000 hata ukiwa umeshachomoa waya. Hapo hakuna kujifanya mjuaji na bisibisi.

Ikishakurukia

Maji ya bomba, ya baridi ya kawaida, yapite juu ya palipoungua kwa dakika 20. Siyo 2, ni 20. Huna bomba? Mwenzako amimine kwa kata pole pole. Vua pete, saa na nguo iliyoloa haraka kabla hapajavimba, ila iliyogandia kwenye ngozi iache. Funika kwa kitambaa safi. Dawa ya mswaki, yai, asali, mafuta ya kupikia na unga viache jikoni, vinafungia joto ndani au vinaleta uchafu kwenye kidonda. Ikiwa ni usoni, machoni, viganjani, sehemu za siri, au pamepasuka malengelenge makubwa, usisubiri kupambazuke. Panda boda, hospitali.

Halafu sasa, kahawa gani?

Kama umehangaika hivyo kwa ajili ya kikombe kimoja, kipe heshima. Kahawa ya kuyeyuka ya kiwanda cha TANICA inatoka Bukoba, ng'ambo ya ziwa tu, na haina longolongo. Lakini Arabika yenyewe inalimwa hapa hapa kwenye milima ya Tarime. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ina kituo pale Sirari, karibu kabisa na mpaka wa Kenya, na miti iko mashambani mwa wazee wetu. Kahawa nyingi inaondoka ikiwa buni, inaenda kunywewa na watu wasiojua hata Sirari iko upande gani. Ukipata mzee au mama anayekaanga na kusaga mwenyewe, mpe salamu ya heshima, mwachie mtonyo wake, ondoka na mfuko wa kahawa ya nyumbani.

Halafu fanya kitu kimoja leo hii. Geuza hiyo maikrowevu, soma wati, jaribu hadi upate sekunde zinazokufaa kwa kikombe chako, ziandike kwa mako peni juu ya mlango, na chini yake andika: TIA KAHAWA KWANZA. Mbogi ikija kulala geto, kila mtu ajihudumie bila kukuamsha.