Kinga Isiwe Mlango wa Mwizi

Mzazi wa Manyovu atakaye kumkinga mwanawe na machafu ya intaneti aweza kutia katika kompyuta programu ya kuzuia. Nia hiyo ni njema. Lakini yatupasa kujua kwamba programu hiyo hukagua yote yapitayo, na ikiwa na kasoro, mwizi huingilia humo humo.

Mwaka 2009 Serikali ya China iliamuru kompyuta mpya ziuzwe pamoja na programu ya namna hiyo, Green Dam. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliichunguza wakaona kwamba tovuti yenye hila, kwa anuani ndefu kupita kiasi, yaweza kuishika kompyuta nzima. Amri ikaahirishwa.

Basi, ndugu wasomaji, programu tuichukue kwa mwenye kuitengeneza, tuipe masahihisho kila yatokapo; na iliyoachwa bila masahihisho tuiondoe. Wala isishike mahali petu: mtoto ni amana ya wazazi, si ya mashine.