Neno Ulitafutalo Liko Sehemu Gani?

Mwanafunzi anaandika katika katalogi ya maktaba: Shaaban Robert Kusadikika. Kitabu hicho kimekuwapo tangu 1951, nakala ipo rafuni, na tahajia haina kosa. Hata hivyo katalogi inaweza kumjibu kwamba hakuna kilichopatikana, naye akaondoka akiamini maktaba haina kitabu hicho.

Sababu ni kwamba rekodi ya kitabu haihifadhiwi kama aya moja ndefu. Imegawanywa katika sehemu: mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, mada. "Shaaban" na "Robert" yamo katika sehemu ya mwandishi, "Kusadikika" limo katika sehemu ya jina. Programu iliyopangwa kudai kwamba maneno yote matatu yakutane katika sehemu moja haitayaona pamoja popote. Katika katalogi inayokubali amri za sehemu, ombi linalofaa ni hili: mwandishi:(Shaaban AND Robert) AND jina:Kusadikika. Hapo kila neno linatafutwa linakokaa, kisha matokeo yanaunganishwa.

Viunganishi AND, OR na NOT hujulikana kwa jina la George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyefundisha mjini Cork, Ireland, na ambaye mwaka 1854 alichapisha kitabu kinachoeleza kanuni za fikra kwa njia ya aljebra. AND hudai maneno yote yawepo, OR hutosheka na mojawapo, NOT huondoa. Hayo hufundishwa kila mahali na hueleweka upesi. Ninalosisitiza mimi ni kwamba kiunganishi ni nusu tu ya ombi, na nusu ya pili ni sehemu ambamo neno litatafutwa. Utafutaji mwingi huharibikia hapo.

Chukua Lucene, programu aliyoianzisha Doug Cutting mwaka 1999, ambayo leo inaendesha utafutaji ndani ya tovuti na mifumo mingi. Ukiiandikia jina:homa dengue, ni "homa" peke yake inayotafutwa katika jina. "Dengue" inatafutwa katika sehemu ya kawaida iliyochaguliwa na mwenye mfumo. Amri ya sehemu hushika neno linaloifuata tu, mpaka uweke mabano: jina:(homa AND dengue). Google nayo iko hivyo kwa amri ya intitle. Humo pia unaweza kuunganisha anwani ya tovuti na aina ya faili, kwa mfano "ruzuku ya mbolea" (site:go.tz OR site:go.ke) filetype:pdf, ukapata nyaraka za serikali za Tanzania na Kenya bila kupepeta habari za magazeti. OR iandikwe kwa herufi kubwa.

Kiunganishi ninachokihofia zaidi ni NOT. PubMed, kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ina zaidi ya rekodi milioni 35, na nyingi zimetiwa lebo za mada na wataalamu. Daktari anayetaka tafiti za malaria kwa watu tu huona ni busara kuandika malaria NOT wanyama (humo maneno yenyewe huandikwa kwa Kiingereza). Lakini utafiti uliochunguza wagonjwa pamoja na panya wa maabara una lebo mbili, ya binadamu na ya wanyama. NOT inaiona lebo ya wanyama na kuutupa utafiti wote, pamoja na wagonjwa wake. Watafiti makini hutumia ukanushaji wa mara mbili: malaria NOT (wanyama NOT binadamu), yaani ondoa tu zile zenye wanyama pasipo watu. Mabano hayo yanaweza kuokoa utafiti unaogusa matibabu ya mgonjwa halisi.

Mpangilio wa kutekeleza viunganishi nao hautabiriki. Ombi la homa OR malaria AND watoto, PubMed hulisoma kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo watoto wanahusika na homa na malaria pia. Kanzidata ya Web of Science hutekeleza AND kwanza, nawe unaletewa homa za watu wa rika zote. Weka mabano hata unapodhani hayahitajiki.

Kwa anayetafuta kwa Kiswahili kuna jambo jingine, na miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza hailigusi. Alama ya nyota mwishoni mwa neno hukusanya miisho yake yote, lakini maneno yetu hubadilika zaidi mwanzoni: mtoto, watoto, utoto. Kuweka nyota mbele hukataliwa na programu nyingi, kwa kuwa faharasa hupangwa kwa herufi za mwanzo. Kilichobaki ni OR: (mtoto OR watoto OR utoto). Kwa kitenzi orodha ingekuwa haina mwisho, maana ndani ya matini kamili utakuta anatibiwa, walitibiwa, hawajatibiwa. Vichwa vya makala, kwa kawaida, hupendelea nomino na vitenzi vya ku-, hivyo jina:(tiba OR matibabu OR kutibu OR kutibiwa) hufunika sehemu kubwa ya vilivyoandikwa. Anza na sehemu ya jina, kisha ya mada. Matini kamili yaache kwa maneno yasiyobadilika, kama majina ya dawa, ya watu na ya miji.